Kanada: Walipanda juu ya vyuma vya daraja, lakini kalamu ya mhandisi haikuwa mikononi mwao

Tarehe 29 Agosti 1907, jioni, muda mfupi kabla ya wafanyakazi kufunga kazi, daraja lililokuwa likijengwa juu ya mto Saint-Laurent, karibu na mji wa Québec, lilianguka. Wanaume 86 walikuwa juu yake. Kwa muda usiofika hata nusu dakika, maelfu ya tani za chuma yalikuwa tayari majini. Watu 75 walikufa. Kati yao, 33 walitoka katika kijiji kimoja tu: Kahnawake, kijiji cha wenyeji wa asili wa kabila la Wamohawk, ng'ambo ya pili ya mto kutoka Montréal.

Fikiria kijiji ambacho kwa siku moja kinapoteza wanaume 33. Kila ukoo ulikuwa na msiba. Mpaka leo, katika makaburi ya Kahnawake, kuna misalaba iliyotengenezwa kwa vyuma vya ujenzi. Wazee wa kijiji husimulia kwamba baada ya msiba ule, akina mama walikataa wanaume wao wote waende tena kwenye shantie moja. Walitaka wagawanyike, hawa waende huku na wengine kule, ili ajali moja isifute kijiji kizima.

Zaidi ya miaka 110 imepita. Kanada sasa inajiuliza swali ambalo halikuulizwa wakati ule: kama wenyeji wa asili walikuwa hodari kiasi hicho katika kujenga madaraja, kwa nini karibu hakuna hata mmoja wao aliyekuwa mhandisi, yule tunayemwita huku kwetu injinieri? Na kwa nini hata leo ni wachache?

Sensa ya Kanada ya mwaka 2021 ilihesabu wenyeji wa asili wapatao milioni 1.8, yaani 5% ya raia wote. Hao ni Mataifa ya Kwanza, Wamétis na Wainuit. Lakini katika kazi ya uhandisi hawafiki hata mtu mmoja kwa kila watu mia.

Namna Wamohawk walivyoingia kwenye vyuma

Historia ya Kahnawake na vyuma ilianza mwaka 1886. Kampuni ya reli ilitaka kujenga daraja la treni juu ya Saint-Laurent, na mguu mmoja wa daraja ulipaswa kukaa kwenye ardhi ya Wamohawk. Makubaliano yakafanyika: kampuni itumie ardhi, na vijana wa kijiji wapewe kazi. Mwanzoni walipewa kazi za chini, kupakua na kubeba vifaa. Lakini vijana hawakutaka kubaki chini. Walipanda, wakajifunza kufunga vyuma juu kabisa, na wakaonekana kuwa mafundi wa kutegemewa.

Kutoka hapo jina lao likaenea. Miaka iliyofuata Wamohawk walifanya kazi kwenye majengo marefu ya New York, hata kwenye Empire State Building. Baba alimfundisha mtoto, mjomba akamwita mpwa. Watu wa nje wakaanza kusema kwamba Wamohawk wamezaliwa bila hofu ya kwenda juu. Wamohawk wenyewe wamekanusha mara nyingi. Hofu wanayo kama mtu yeyote. Walichofanya ni kujifunza kuitawala, kwa sababu kazi ilikuwa pale na familia zilihitaji kula.

Tatizo la hadithi hiyo ya watu wasio na hofu ni kwamba ilionekana kama sifa, kumbe ilikuwa pia kifungo. Mtu akisifiwa kwa miguu na moyo wake, hakuna anayemuuliza kuhusu akili yake. Kazi ya kushika chuma ikawa yake, na kazi ya kupiga hesabu za chuma ikabaki ya wengine.

Hesabu zilizofanyika mbali na mto

Ajali ya 1907 haikutokana na upepo wala bahati mbaya. Tume ya uchunguzi iliyoundwa na serikali ya Kanada ilionyesha kwamba kosa lilikuwa katika hesabu na katika uongozi wa kazi.

Mhandisi mshauri alikuwa Theodore Cooper, mtu mwenye jina kubwa, aliyeishi New York. Alikuwa amezeeka na afya yake haikuwa nzuri, kwa hiyo hakuwa akifika kwenye shantie. Yeye ndiye aliyekubali nafasi kati ya nguzo mbili kuu iongezwe kutoka futi 1,600 hadi futi 1,800, yaani karibu mita 549. Daraja refu zaidi linakuwa na uzito zaidi, lakini uzito wake haukuhesabiwa upya inavyotakiwa. Ilipogunduliwa kwamba chuma ni kizito kuliko kilivyokadiriwa, kazi ilikuwa imeshafika mbali, na ikaendelea.

Mwezi wa Agosti 1907 vyuma vikubwa vya chini vilianza kupinda. Kimoja kilikuwa kimepinda kama sentimita 2. Baada ya wiki moja tu kilifika karibu sentimita 6. Mhandisi kijana aliyekuwa pale, Norman McLure, aliona jambo hilo na akapanda treni hadi New York kumweleza Cooper uso kwa uso. Cooper alituma telegramu kuagiza uzito usiongezwe tena. Lakini aliituma kwa kampuni iliyotengeneza vyuma, huko Pennsylvania, na ujumbe haukufika Québec kwa wakati. Jioni ile wafanyakazi walikuwa bado juu.

Haiwezekani kusema kwamba mhandisi Mmohawk angezuia ajali hiyo. Lakini jambo moja linaonekana wazi katika mpangilio wa kazi: wale waliogusa chuma kila siku hawakuwa na njia yoyote ya kufikisha neno mahali maamuzi yalipofanyika. Mwenye hesabu hakuwa mtoni, na mwenye kuwa mtoni hakuulizwa hesabu.

Daraja lilianza kujengwa upya kwa mpango mwingine. Mwaka 1916 sehemu ya katikati ilianguka ilipokuwa ikipandishwa, na watu wengine 13 wakafa. Lilimalizika mwaka 1917. Bado linatumika, na kwa aina yake ndilo lenye nafasi ndefu zaidi kati ya nguzo mbili duniani.

Sheria iliyomwadhibu msomi

Kwa nini kijana wa Kahnawake, aliyejua chuma kuliko wengi, hakwenda kusoma uhandisi? Jibu la kwanza liko katika sheria.

Mwaka 1876 Bunge la Kanada lilipitisha Sheria ya Wahindi, jina ambalo wazungu waliwapa wenyeji hao. Kipengele kimoja kilisema kwamba Mhindi akipata digrii ya chuo kikuu, akawa daktari, mwanasheria au mtumishi wa kanisa, basi moja kwa moja anaacha kuhesabiwa kuwa Mhindi mbele ya sheria. Serikali iliita jambo hilo ukombozi. Kwa familia yake maana yake ilikuwa nyingine: amekatwa kutoka kwa watu wake na kutoka katika haki zake kwenye ardhi yao. Kipengele hicho kililegezwa miaka michache baadaye, lakini ujumbe ulikuwa umeshaeleweka. Kusoma sana ni kuhama ukoo. Na haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa taifa bila kupoteza utambulisho wao waliipata mwaka 1960 tu, mwaka uleule ambao Kongo ilipata uhuru.

Jibu la pili liko katika shule. Kwa zaidi ya karne moja, watoto wa wenyeji zaidi ya 150,000 walipelekwa katika shule za bweni zilizogharimiwa na serikali na kuendeshwa kwa sehemu kubwa na makanisa. Walikatazwa kusema lugha zao. Kwa miaka mingi, nusu ya siku ilikuwa masomo na nusu nyingine kazi za mikono: shamba, ufundi, kufua, kupika. Mtoto aliyesoma hesabu nusu siku, akiwa na njaa na woga, angefikaje kwenye masomo ya polytechnique? Maelfu ya watoto hawakurudi nyumbani. Waziri Mkuu wa Kanada aliomba msamaha rasmi bungeni mwezi wa Juni 2008, na Tume ya Ukweli na Maridhiano ikatoa mapendekezo 94 mwaka 2015. Elimu ni kati ya mambo yaliyosisitizwa.

Kwa hiyo, mtu akiuliza leo kwa nini wahandisi Wamohawk, Wakri au Wainuit ni wachache, asianze kutafuta jibu katika vichwa vya vijana. Aangalie mlango ulikuwa umefungwa kwa miaka mingapi.

Pete ya chuma kwenye kidole kidogo

Wahandisi wengi wa Kanada huvaa pete ya chuma kwenye kidole kidogo cha mkono wanaoandikia. Wanaipokea katika ibada ya kiapo iliyoanza mwaka 1925, na maneno yake yaliandikwa na mwandishi Mwingereza Rudyard Kipling. Kuna hadithi iliyoenea kwamba pete za kwanza zilitengenezwa kwa vyuma vya daraja lililoanguka Québec. Hadithi hiyo si ya kweli, lakini kila mwanafunzi wa uhandisi anaijua, na ajali ile inafundishwa kama onyo: kosa lako la hesabu ni kaburi la mtu mwingine.

Jambo ambalo halikusemwa kwa sauti kwa muda mrefu ni makaburi hayo yalikuwa ya nani. Mwanafunzi alijifunza kuhusu vyuma vilivyopinda, akamjua Cooper kwa jina, lakini aliweza kumaliza masomo bila kusikia neno Kahnawake. Katika miaka ya karibuni, kundi la wahandisi limeomba ibada hiyo irekebishwe, kwa sababu maneno yake yaliandikwa wakati ambapo mwanamke na mwenyeji wa asili hawakufikiriwa kabisa kuwa wangesimama pale kupokea pete.

Mwanamke Mcherokee kati ya wanaume arobaini

Hali haikuwa tofauti sana upande wa Marekani. Ndiyo maana maisha ya Mary Golda Ross yanasimuliwa mara nyingi.

Alizaliwa mwaka 1908 Oklahoma, katika taifa la Wacherokee. Babu wa babu yake alikuwa John Ross, chifu aliyewaongoza Wacherokee walipofukuzwa kwa nguvu kwenye ardhi yao miaka ya 1838 na 1839. Wacherokee walikuwa na desturi ya kusomesha wasichana na wavulana pamoja. Mary alipenda hesabu, akawa mwalimu wa shule, na baadaye akapata digrii ya pili. Mwaka 1942, wakati wa vita, kampuni ya ndege ya Lockheed ilimwajiri kama mtaalamu wa hesabu. Alifanya kazi kwenye matatizo ya ndege ya kivita P-38, kisha akapata sifa ya uhandisi.

Lockheed ilipounda kikundi chake cha siri cha kubuni ndege, Mary alikuwa kati ya wahandisi 40 wa mwanzo. Mbali na sekretari, hakukuwa na mwanamke mwingine. Alipiga hesabu za roketi na za safari za kwenda sayari za Mirihi na Zuhura, na sehemu ya kazi zake ilibaki siri ya serikali.

Baada ya kustaafu mwaka 1973, hakukaa kimya. Alizunguka kuwahimiza wasichana na vijana wenyeji wasome hesabu, na akaunga mkono chama cha AISES, kilichoanzishwa mwaka 1977 na wanasayansi na wahandisi wenyeji wa Marekani, ambacho leo kina matawi Kanada pia. Alikufa mwaka 2008, akikaribia miaka 100. Mwaka 2019 serikali ya Marekani iliweka picha yake kwenye sarafu ya dola moja.

Sarafu ni heshima. Lakini mtu mmoja hawezi kuwa jibu kwa taifa zima. Mary alikuwa na familia iliyosoma na shule iliyomkubali. Swali ni la yule asiye na hivyo viwili.

Maji ya Winnipeg na darasa la ENGAP

Jibu moja linapatikana katika mji wa Winnipeg, katikati ya Kanada, na mji huo wenyewe una deni.

Tangu mwaka 1919 Winnipeg inakunywa maji ya ziwa Shoal, yanayosafiri kilometa zaidi ya 150 ndani ya mfereji uliojengwa kwa ustadi mkubwa: maji yanateremka yenyewe, bila pampu. Wahandisi walisifiwa sana. Lakini pale ziwani waliishi watu wa Shoal Lake 40, wenyeji wa taifa la Waanishinaabe. Ardhi yao ilichukuliwa, na mfereji uliochimbwa ili maji machafu yasiingie kwenye bomba la mji uliwakata kutoka nchi kavu. Kijiji kikawa kisiwa. Wakati wa joto walivuka kwa mashua, wakati wa baridi walitembea juu ya barafu, na kuna waliozama barafu ilipopasuka.

Kibaya zaidi, kuanzia mwaka 1997 wenyeji hao hawakuruhusiwa kunywa maji ya bomba bila kuyachemsha, huku ziwa lao likinywesha mji wenye mamia ya maelfu ya watu. Barabara ya kuwatoa kisiwani ilifunguliwa mwaka 2019, na wao waliipa jina la Barabara ya Uhuru. Kiwanda cha kusafisha maji kilifunguliwa mwaka 2021. Na Shoal Lake 40 hawakuwa peke yao: kijiji cha Neskantaga, kaskazini mwa Ontario, kinaishi na onyo la kuchemsha maji tangu mwaka 1995.

Hapo ndipo suala la nani ni mhandisi linapoacha kuwa suala la takwimu. Ramani ya mfereji ilikuwa sahihi kwa hesabu. Kilichokosekana mezani ni mtu ambaye mama yake aliishi upande ule wa mfereji.

Katika mji huohuo, Chuo Kikuu cha Manitoba kilianzisha mwaka 1985 programu inayoitwa ENGAP, kwa ajili ya wenyeji wanaotaka kusoma uhandisi. Haitoi digrii ya upendeleo. Mwanafunzi anafanya masomo yaleyale na mitihani ileile kama wenzake. Tofauti ni katika njia ya kufika pale. Aliyetoka kijiji ambacho sekondari yake haina fizikia wala kemia ya kutosha anapewa muda wa kujaza pengo hilo. Madarasa ni madogo. Kuna walimu wa kumsaidia, mshauri wa kumsikiliza, na msaada kwa wenye shida ya nyumba au ya watoto, kwa kuwa wengi wanakuja wakiwa tayari wazazi. Zaidi ya wenyeji 100 wamepata digrii kwa njia hiyo.

Msomaji aliyepitia prépolytechnique huku kwetu ataelewa haraka. Mwaka wa maandalizi tunaujua. Lakini prépoly yetu inajulikana zaidi kwa kuchuja: wanaingia wengi, wanabaki wachache. ENGAP imepanga mambo upande mwingine: anayeingia asaidiwe mpaka atoke na digrii.

Na sisi huku?

Kwa Mkongomani historia hii haiko mbali. Reli ya Matadi hadi Kinshasa, iliyojengwa kati ya 1890 na 1898, ilimeza maisha ya wafanyakazi wengi Waafrika. Shaba ya Katanga ilichimbwa na mikono ya wazee wetu. Lakini wahandisi walitoka Ubelgiji, na mwaka 1960 tulipopata uhuru, Wakongomani waliokuwa na digrii ya chuo kikuu walikuwa wachache sana. Tulikuwa Kahnawake nzima, nchi nzima.

Leo tuna wahandisi wetu. Lakini ndani ya nchi yetu kuna ndugu ambao bado wako pale tulipokuwa: Batwa wa Kivu na Tanganyika, Bambuti wa Ituri, na wenzao wa misitu ya magharibi. Miaka ya 1970 Batwa waliondolewa kwenye misitu ya Kahuzi-Biega ili iwe hifadhi ya taifa. Mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu kwamba serikali yetu ilivunja haki zao. Wakati huohuo tunayo sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022, inayolinda haki za wenyeji wa asili. Inasema washirikishwe na wakubali kwanza, kwa uhuru na kwa kujua, kabla ya mradi kugusa ardhi yao. Inazungumzia pia elimu.

Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu Septemba 2019. Lakini uhandisi hauanzii chuo kikuu. Unaanzia sekondari, ambako minervali inalipwa, ambako mtoto anachagua Hesabu na Fizikia au ufundi wa ujenzi, na ambako anafika mpaka Exetat au anaishia njiani. Mtoto wa Batwa anayetembea kilometa nyingi kwenda shule, anayechekwa darasani kwa kabila lake, na ambaye wazazi wake hawana ardhi ya kulima, ana milima mingi ya kupanda kabla hata ya kufikia prépoly.

Barabara zinakatwa misituni, mabwawa ya umeme yanapangwa, migodi inafunguliwa. Sheria ya 2022 inataka mwenyeji aulizwe. Lakini kuulizwa kuhusu ramani ambayo hujui kuisoma ni kuulizwa nusu. Siku Batwa au Bambuti watakapokuwa na binti au kijana wao anayeweza kuifungua ramani hiyo, kuweka kidole pale mfereji unapopita na kusema kwa lugha ya hesabu kwamba hapa kuna kijiji, mazungumzo yatabadilika.

Wakongomani ni wengi Montréal, na baadhi yao huvuka daraja la Mercier, ambalo mguu wake mmoja uko Kahnawake. Hapo chini, karibu na mto, ndipo ilipo ile misalaba ya chuma. Wanaume waliozikwa pale walifanya kazi yao vizuri. Hesabu ndizo zilizokosewa, na zilipigwa mbali nao.